Matanga Nje ya Geti

Habari ya kifo chake ilinifikia asubuhi, katika lile kundi la simu ambamo wakazi wa mtaa wetu hupashana habari, kati ya tangazo la kukatwa kwa maji na swali la mama mmoja aliyekuwa akimtafuta paka wake. Aliyeandika hakupamba maneno. Alisema kwamba mwenyekiti wetu wa zamani ameaga dunia hospitalini huko Nyeri baada ya kuugua kwa muda, kwamba watoto wake walio ng'ambo wameshaarifiwa, na kwamba mipango mingine itatangazwa baadaye. Nilimaliza chai yangu, nikatoka barazani na kuutazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni. Siwezi kudai kwamba nililia. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa majirani waliosalimiana kwa adabu na kubishana mara chache mikutanoni, na kwa watu wa umri wetu hilo linatosha kumfanya mtu akae chini amkumbuke mwenzake.

Wanaoisoma safu hii kwa muda mrefu wanajua kwamba nilipoacha kazi ya dawati Nairobi nilihamia huku, nje kidogo ya Nanyuki, kando ya barabara inayotoka Nyeri. Ninapoita mahali hapa mtaa, msidhani ni mtaa wa aina ile tuliyokulia, wenye kibanda cha kinyozi na mama anayekaanga viazi pembeni mwa barabara. Hili ni eneo lililochorwa lote kwenye karatasi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Waliolichora walifikiria kila kitu: nyumba zenye paa za rangi moja, barabara zilizotandazwa matofali, uwanja wa tenisi, jimu, chumba cha mvuke, nyumba ya klabu yenye meko kubwa na madirisha yanayotazama mlima, na katikati ya yote bwawa la kuogelea lenye viti vya kulalia na miavuli, kama lile la hoteli za watalii. Katika picha za matangazo watu wanacheka wakiwa majini. Ukweli ni kwamba maji ya bwawa hilo yanauma mifupa, na wanaothubutu kuyaingia ni watoto wa wale wanaokuja wikendi kutoka Nairobi, ambao bado hawajaambiwa kwamba baridi ni kitu cha kuogopwa. Sisi tunaoishi hapa siku zote, wengi wetu wastaafu, kazi yetu ni kutembea. Kila asubuhi utatukuta tumevaa viatu vya michezo tulivyotumiwa na wanetu, tukilizunguka bwawa. Mtu aliyetumia utoto wake kutembea kwenda kuyatafuta maji, uzeeni anatembea kuyazunguka.

Marehemu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama cha wakazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka, na alikuwa amestaafu kutoka utawala wa serikali. Alipata kuwa ofisa wa tarafa katika miaka ile ambayo mwanamke aliyevaa kaki na kofia ngumu ya utawala bado aliwafanya watu wasimame barabarani wamtazame. Alitumwa sehemu nyingi, nyingine kame na za mbali, na kote huko, nadhani, alijifunza kwamba anayeamrisha hana haja ya kupaza sauti. Sisi wote tulimwita Madam, hata wale waliomzidi umri. Kanuni za mtaa ni yeye aliyeziandika. Mbwa wafungwe kamba. Nguo zianikwe nyuma ya nyumba. Kuku wasifugwe. Muziki usivuke ua. Wengi wetu tulinung'unika kwanza, kisha tukashukuru kimoyomoyo, kwa sababu kila mmoja alitaka jirani yake abanwe.

Mume wake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa ameuza vipuri vya malori huko Sagana kwa miaka mingi, pale kwenye njia panda ambapo magari ya mizigo husimama, na ingawa duka alikuwa amekwisha kuliuza kabla ya kuhamia kwetu, kila wiki alirudi huko akisema anakwenda kuliangalia. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakuwa na jambo la kufanya. Siku moja alinikuta nimeketi kwenye mojawapo ya viti vile vya kulalia, akajitupa kwenye kilicho kando yangu, kikalia.

"Bwana mwandishi," aliniambia, "hii mahali ni nzuri sana. Iko na kila kitu. Lakini tangu tuhamie, unajua ni nani amewahi bisha mlango yangu bila kupiga simu kwanza?"

Nikamwuliza ni nani.

"Fundi wa mabomba," alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kati ya kanuni za mkewe ilikuwamo moja ambayo tuliipitisha bila mjadala wowote. Ilisema kwamba mtu akifiwa, matanga hayatafanyika nyumbani kwake. Hema halitapigwa, moto hautawashwa uani, na wageni hawatalala. Wafiwa wataomba nyumba ya klabu mapema, wataitumia hadi saa kumi na moja ya jioni, wageni wataandikisha majina getini, na kila nyumba itaruhusiwa magari mawili tu ya wageni. Tulinyoosha mikono kuiunga mkono kama watu wa mahali pakavu wanavyounga mkono kanuni kuhusu mafuriko. Mtaa ulikuwa mpya. Hakuna aliyekuwa amekufa.

Wa kwanza kufikiwa na kanuni hiyo alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa magharibi, ambaye alikuwa amefundisha Kutus na viunga vyake kwa muda mrefu hata akaamua kuzeekea upande huu wa nchi. Mama yake alifariki huko kwao. Kabla hajasafiri kwenda kumzika, watu wa kwao wanaofanya kazi Nanyuki, askari polisi, walimu na makarani wa serikali, walipanga kuja kumpa pole. Akapiga hema dogo mbele ya nyumba, juu ya nyasi. Mimi nilikuwa nimekwenda kumshika mkono, na ndiyo maana nilikuwapo Madam alipofika.

"Mwalimu, pole sana kwa msiba," alisema.

"Asante, Madam. Karibu uketi."

"Sitaketi. Hii hema haiwezi kukaa hapa. Nimeongea na meneja wa klabu, amewawekea nafasi mpaka saa kumi na moja."

"Madam, hawa ni watu wa kazi. Wakitoka kazini ni hiyo saa kumi na moja. Watafika kama mmeshafunga."

"Najua. Lakini tulikubaliana, na wewe ulikuwa kwa mkutano."

"Ni mama yangu," mwalimu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni mama yako, na nimekupa pole. Hema itoke."

Hema likashushwa. Waliofika mapema walipelekwa klabu, wakaketi kwenye makochi ya ngozi chini ya picha kubwa ya swara, wakaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini huku watoto waliokuja likizo wakirukaruka majini nje ya dirisha. Saa ilipofika, meneja alianza kufunga mapazia, jua likingali juu. Waliochelewa walirudishwa kutoka getini. Mwalimu hakubishana. Alikuwa mtu aliyeongoza shule, anayezijua sheria na kuziheshimu. Lakini tangu siku hiyo hakumsalimu tena mwenyekiti, na hata saa yake ya kutembea aliibadilisha ili wasikutane.

Kisha mume wa mwenyekiti akafa. Alifia Sagana, mchana, akiwa ameketi kwenye benchi la mbao mbele ya lile duka lililokuwa lake, katikati ya madereva na mafundi aliofahamiana nao tangu ujana. Walisema alikuwa akisimulia kisa fulani, akanyamaza, wakadhani anatafuta neno. Habari ilipofika kwetu, watu walisikitika kweli, kwa sababu alipendwa. Lakini kulikuwa na minong'ono pia, na sitaificha. Kwenye njia ya kutembelea, jimu, kila mahali, walisema, "Sasa tutaona." Walitaka kuona kama kanuni ingepinda ilipofika mlangoni kwa mwenye kuiandika.

Haikupinda. Madam alimpigia simu meneja wa klabu kuomba nafasi ya Jumamosi, akaambiwa kwamba siku hiyo familia moja ya Nairobi imekwisha kuomba ukumbi kwa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wao. Meneja, mtu muungwana, alijitolea kuwahamisha. "Hapana," Madam alimjibu. "Wao waliomba kwanza." Akachukua Jumapili, akaomba jamaa waarifiwe. Ujumbe uliwafikia baadhi yao. Watu wa Sagana ama hawakuupata, ama waliupata wakaona ni neno lisiloeleweka, kwamba mtu amekufa leo na pole ingoje hadi ukumbi uwe wazi.

Walikuja Jumamosi hiyo hiyo baada ya chakula cha mchana, katika basi la kukodi, na nyuma yake pikapu iliyobeba sufuria, kuni na magunia ya viazi. Nilikuwa nikirudi kutoka dukani kununua gazeti, nikakuta basi limesimama mbele ya geti na nyimbo zikisikika madirishani. Askari wa zamu alikuwa ameshika kitabu chake cha wageni, akizungumza na mama mmoja mzee aliyeteremka wa kwanza. Baadaye nilijua kwamba alikuwa dada mkubwa wa marehemu.

"Cucu, ni lazima muandike majina," askari alikuwa akisema, kwa heshima ambayo mtu humpa bibi yake. "Mmoja mmoja. Na basi haiwezi ingia. Ni gari mbili peke yake kwa kila nyumba."

"Jina ya nini?"

"Ni sheria ya hapa, cucu."

"Huyu amekufa ni ndugu yangu. Ni mimi nilimbeba kwa mgongo mama akienda shamba. Ati sasa niandike jina ndio nilie?"

Waliobaki walikuwa wakishuka mmoja mmoja, wanaume waliovaa makoti mazito yenye madoa ya grisi ambayo hakuna sabuni inayoyatoa, na wanawake wa soko wenye leso vichwani. Askari akaenda kwenye simu ya kibanda chake na kumpigia mwenyekiti. Sauti ya Madam ilisikika kwetu wote.

"Ni wangapi?"

"Ni basi mzima, Madam. Na pikapu."

Madam akasema, "Waambie wangoje. Nakuja."

Alikuja kwa miguu, kwenye ile barabara ya matofali, bila shali, akiwa na malapa ya nyumbani. Kutoka klabu muziki wa sherehe ya mtoto ulikuwa ukisikika, na puto zilikuwa zimefungwa kwenye nguzo za taa njia nzima. Watu walimwona akipita, wakatoka kwenye nyasi zao na kumfuata kwa mbali. Alipokaribia, askari, ambaye uso wake ulionyesha nafuu, aliweka mkono kwenye chuma cha kizuizi ili akiinue.

"Usifungue," Madam alimwambia.

Nilisikia mtu nyuma yangu akifyonza. Madam akapita kwenye kijilango cha waendao kwa miguu, akasimama mbele ya wifi yake.

"Kwa hivyo hatuingii?" yule mama mzee akamwuliza.

"Hamuingii, dada," alisema. "Mimi ndiye nimetoka."

Akaketi chini, pale pale kando ya barabara ya changarawe inayofika getini, kwenye nyasi zilizokauka, na miguu yake ikanyooka mbele yake kama ya mtoto. Mama mzee naye akajishusha polepole, akaketi ubavuni mwake. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, wakaupokea. Wanawake waliokuwa kwenye pikapu walishusha mafiga na kuwasha moto, lakini upepo wa huku kwetu haumpi mtu nafasi, na moshi ukawa unawaingia watu machoni. Madam alipoona wanahangaika, alishika ardhi kwa kiganja ili ainuke akawasaidie. Wifi yake akamvuta nguo.

"Kaa chini," alimwambia. "Hiyo si kazi yako leo."

Akakaa. Na hapo ndipo alipolia. Sisi tuliozoea kumwona akiendesha mikutano tulibaki tumesimama na mikono yetu tusijue pa kuiweka. Alilia kwa sauti nene, bila kujificha uso, akitamka maneno ya Kikuyu ambayo hakuwa akimwambia mtu yeyote kati yetu, na dada wa mumewe alimshika begani na kumwacha alie.

Nilipogeuka nilimwona mwalimu. Alikuwa akitoka kwenye kijilango cha geti, amekumbatia viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hadi kidevuni, na nyuma yake mkewe alikuwa na chupa za chai mikononi. Alivitua viti, akatoa kimoja, akakiweka mbele ya mwenyekiti.

"Madam, kaa kwa kiti. Hapo chini kuna baridi."

Alimtazama. "Mwalimu," alisema, "mimi nilitoa hema yako."

"Hiyo tutaongea siku ingine," mwalimu alimjibu. "Kaa."

Baada ya hapo sikuweza kufuata nani alileta nini. Viti vilitoka nyumba hii na ile, vingine vya jikoni, vingine vya bustani, na hata vile vya kulalia vya bwawani vilibebwa na wanaume wawili. Mikate ikaja, vikombe visivyofanana vikaja. Muziki wa klabu ukazimwa, na mama wa yule mtoto aliyekuwa na siku yake akashuka na sinia la sambusa, akaomba radhi kwa kila aliyempa. Watu walioishi nyumba zinazotazamana kwa muda mrefu waliulizana majina kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama kwenye changarawe, wakingoja chai. Na ikawa hivyo kila alasiri hadi siku ya maziko. Matanga yalikaliwa nje ya geti, kwenye ukingo wa barabara, mahali ambapo si pa mtaa wala pa mtu. Mwakilishi wa kampuni iliyojenga mtaa alikuja kwa gari, akamwomba mwenyekiti kwa upole awaingize watu ndani, kwa kuwa kulikuwa na wanunuzi waliotaka kuja kutazama nyumba na picha ile haikuwa nzuri.

"Ndani kuna kanuni," Madam alimwambia. "Hapa hakuna. Karibu chai."

Nimefikiri mara nyingi juu ya ukingo huo wa barabara. Ardhi ambayo mtaa wetu umesimama juu yake ilikuwa zamani sehemu ya shamba la mzungu, lenye seng'enge pande zote, na wazee wa huku wanakumbuka kwamba aliyekutwa ndani bila kipande, cheti chake cha kazi, alijieleza kwa karani. Uhuru ulipokuja, wananchi walichanga wakalinunua kwa ushirika, wakaligawa mashamba madogo madogo, na seng'enge ile ikang'olewa na kuwa kamba za kuanikia nguo. Palikuwa na vijia vilivyokatiza kila mahali, mtu akienda kwa jirani kuomba moto au kuazima jembe. Kisha watoto wakasoma, wakaenda mbali, wazee wakachoka, mashamba yakauzwa moja baada ya jingine, na kampuni ikayaunganisha tena kuwa kipande kimoja na kukizungushia ukuta. Ndani ya ukuta huo tukarudi sisi, watoto wa wale wale walioing'oa seng'enge, tukaweka karani getini. Sisemi hivi kwa uchungu. Mimi mwenyewe nalala vizuri zaidi kwa sababu ya ukuta huo, na sina hamu ya kuamshwa na kuku wa jirani. Ninachosema ni kwamba waliotuchorea mahali hapa walitufikiria tukiwa tunaogelea, tunakimbia, tunacheza tenisi na kuota moto. Hakuna chumba walichochora wakitufikiria tukiwa tumefiwa. Na sisi tulipoona kwamba hakuna chumba cha kazi hiyo, badala ya kukitafuta, tuliandika kanuni.

Mkutano wa mwaka ulifuata baada ya miezi michache. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, na kila mtu alijua ni kwa nini. Mzee mmoja wa upande wa juu alisimama mapema, akapendekeza kanuni ya matanga ifutwe yote, watu wakapiga makofi. Nilidhani mwenyekiti ataunga mkono na jambo litaisha. Badala yake alisema kwamba anaipinga hoja hiyo, na ukumbi ukajaa mshangao wenye hasira ndani yake. Akasema angependa kutueleza kwa nini aliiandika, kwa sababu hakuwahi kutueleza, na pengine hilo ndilo lililokuwa kosa.

Alisema kwamba baba yake alikufa miaka ya mwanzo baada ya uhuru, yeye akiwa msichana wa shule. Nyumba ilijaa watu kwa muda usiojulikana mwisho wake. Walikuja wa karibu na wa mbali, na wote walikula. "Mama yangu hakulia," alisema. "Alipika. Kila nikimtafuta, nilimpata jikoni. Watu walikuwa wanaimba pale mbele, wanaombea mjane, na mjane yuko nyuma anapuliza moto. Walimaliza wakaenda. Mama alikuja kulia mwaka uliofuata, siku moja tukichuma kahawa. Alikaa chini katikati ya mistari akalia peke yake, na watu waliopita wakasema amerukwa na akili. Mimi nilikuwa hapo. Niliapa kwamba nikipata uwezo, hakuna mwanamke nitamwona akipikia watu ambao wamekuja kumwambia pole."

Alikunywa maji. Kisha akasema, "Niliandika hiyo kanuni kwa ajili ya mama. Lakini niliiandika vibaya. Nilifukuza watu, na si watu walikuwa ubaya. Pale nje, nililia siku ya kwanza, kwa sababu kuna mtu alinivuta nguo akaniambia nikae chini." Akamtafuta mwalimu kwa macho mpaka akampata. "Mwalimu, wewe nilikunyima hiyo. Nakuomba msamaha mbele ya hawa wote."

Mwalimu alisimama. Alikuwa mtu wa maneno mengi darasani, wanafunzi wake wanasema, lakini hapo alisema tu, "Madam, yameisha," akaketi.

Kanuni haikufutwa. Iliandikwa upya, na aliisoma yeye mwenyewe: matanga yafanyike nyumbani kwa mfiwa, hema lipigwe, geti lifunguliwe, na nyumba iliyofiwa isipike. Majirani ndio watakaopika, kwa zamu, mpaka siku ya maziko. Ilipita kwa mikono ya wote. Mwaka uliofuata aliachia kiti, na mwalimu akachaguliwa kukikalia. Sitaki mtu afikiri kwamba tuligeuka malaika. Bado tunagombana kuhusu mbwa, na wapo walionunua nyumba baadaye wanaoona zamu ya kupika kuwa usumbufu, wanaotuma pesa badala ya mikono. Lakini tangu wakati huo tumezika majirani kadhaa, na sijawahi kumwona mfiwa yeyote akiwa jikoni.

Juzi zamu ya kufiwa ikawa ya nyumba ya Madam. Watoto wake walitua kutoka ng'ambo wakiwa wamechoka na wamepanga kila kitu kwa simu, kama wanavyofanya watoto wema walio mbali. Walikuwa wameita watu wa kupika kutoka hoteli moja mjini, wenye aproni nyeupe. Mwalimu, ambaye sasa anatembelea mkongojo, aliwapokea wapishi hao mlangoni, akawashukuru na kuwaomba warudi. Binti mkubwa akatoka, macho yamevimba.

"Lakini Mwalimu, tulishaongea na wao. Hatukutaka kusumbua mtu."

"Najua, mama," alimwambia. "Ingia ndani ukae na wenzako. Hiyo ni kazi yetu." Nadhani binti hakuelewa mara moja, kwa sababu alisimama hapo akimtazama, mpaka mke wa mwalimu alipokuja na kumshika mkono. Mimi nilipewa viazi vya kumenya, nikavimenya vibaya, na wanawake wa Sagana waliokuwa kando yangu walinicheka kwa haki.

Nimeyaandika haya si kwa kumsifu, maana angechukia, wala sikumjua kiasi cha kumsifu. Nilimjua kiasi cha kumkasirikia, kama wengine wengi, na kumwona mkavu. Nililojifunza kwake ni dogo, na nalitoa kama nilivyolipata. Kanuni nyingi zinazotuumiza hazikutungwa na watu wakatili. Zilitungwa na mtu aliyewahi kumwona mwenzake akiumia, akaapa isitokee tena, kisha akaacha kusema alichokiona, akatupa amri tupu bila sababu yake. Sisi tukabaki kutii au kunung'unika, na kwa vyovyote vile hatukuwa na njia ya kumsaidia kuisahihisha. Miaka yote ile tuliyokaa naye mikutanoni, kama angetuambia mapema habari ya mwanamke mmoja aliyelia peke yake kwenye mistari ya kahawa, tungejua la kufanya. Tungewasha moto sisi.